Jibu: Land Rover 109 ya babu ni ya mwaka gani?

Kaka wa Pongwe, umeuliza kama Land Rover 109 (ile ndefu) aliyokuachia marehemu babu ni ya 1965 kweli, kama fundi anavyodai. Fungua mlango utazame dashibodi. Mita za spidi na mafuta zikiwa katikati, hiyo kwa kawaida ni toleo la Series II, lililotoka 1958, au IIA, lililolifuata kuanzia 1961, na hapo 1965 inawezekana. Zikiwa mbele ya dereva ni Series III, iliyoanza 1971 ikakoma 1985, na hapo fundi kakosea.

Taa kubwa nazo husema kitu: za zamani zimebanana kwenye wavu wa mbele, mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamia kwenye madigadi. Ila madigadi hubadilishwa, kwa hiyo mimi naamini dashibodi kwanza.

Sasa, usidanganywe na bodi. Hiyo ni aluminiamu, lakini chesisi, fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na chumvi ya bahari yetu haina huruma. Yangu niliyokuwa naiegesha Raskazone, kando ya bahari hapa Tanga, ilipendeza juu. Siku nimelala chini yake, bisibisi ilizama kwenye chesisi kama kwenye boflo. Nakusihi, gonga chesisi yote kwa nyundo kabla hujanunua hata ndoo ya rangi.