Kumodeli sumaku za kupinda mwale: usipuuze kingo

Unapomodeli sumaku zinazopinda mwale wa chembe kwenye kichapuzi, kabla ya kufungua programu yoyote, tafuta momenta ya chembe (kipimo cha mwendo wake, kwa GeV/c au MeV/c). Wengi huchukua nishati mwendo na kuiingiza moja kwa moja, na hapo ndipo hesabu huharibika. Kwa chembe yenye chaji moja, uga sumaku mara nusu kipenyo cha mpindo (Bρ) ni 3.3356 mara momenta kwa GeV/c. Protoni za MeV 230, kama zile za kutibu saratani, zina momenta ya 696 MeV/c, hivyo Bρ ni 2.32 T·m. Ukiweka 0.23 utapata 0.77, na sumaku yako itapinda theluthi tu ya pembe uliyoitaka.

Sasa chukua elektroni za GeV 1 (ni nyepesi mno, hivyo momenta yake ni karibu GeV/c 1) katika uga wa tesla 1.2. Nusu kipenyo ni mita 2.78. Sumaku zikiwa 16 kwa duara zima, kila moja inapinda nyuzi 22.5. Tao linalopitwa na mwale lina mita 1.092, lakini mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho wake ni mita 1.085. Milimita 7 hizo, mara 16, ni sentimita 11 za mzingo mzima! Hakikisha unajua programu inataka urefu upi. Tena si urefu wa chuma: uga humwagika nje, kwa hiyo jumlisha uga kwenye njia yote, kisha gawanya kwa uga wa katikati.

Kingo ndizo zenye kazi. Mwale huingia sumaku ya mstatili kwa mshazari wa nyuzi 11.25, na huo mshazari ni lenzi: hukusanya mwale kiwima, huutawanya kimlalo. Umbali wa fokasi ni ρ gawanya kwa tanjenti ya pembe, yaani mita 14.0, kama uga ungekatika ghafla. Haukatiki. Nafasi kati ya ncha za sumaku ikiwa milimita 50 na kigezo cha kingo (kinachoeleza uga unavyofifia ukingoni) 0.45, umbali wa fokasi wa kiwima unafika mita 14.6. Kingo ziko 32, kwa hiyo ukipuuza tofauti hiyo mitetemo ya wima ya mwale kwenye modeli haitalingana na ya mashine. Kwenye MAD-X, programu ya kubuni vichapuzi, FINT (kigezo cha kingo) na HGAP usipoziandika huwa sifuri, na hutapata onyo. HGAP ni nusu ya nafasi, yaani milimita 25. Ukitumia RBEND (sumaku ya mstatili), usiongeze E1 (pembe ya ukingo wa kuingilia) ya nyuzi 11.25, tayari imo.

Mwisho, pitisha chembe moja kwenye ramani ya uga iliyopimwa. Uga sumaku haufanyi kazi juu ya chembe, hivyo ukubwa wa momenta lazima ubaki vilevile. Ukiongezeka, pengine umetumia mbinu ya Euler kukokotoa njia ya chembe hatua kwa hatua. Hamia ya Boris, ambayo hutunza ukubwa huo.