Mwanangu, twende na masika hayo hayo

Mwanangu,

Mama yako na mimi hatujambo hapa Kirumba, Mwanza. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Unasema likizo ya Pasaka imeangukia katikati ya masika, na baba watoto anaona kutoka Mwanza hadi Moshi kutazama barafu ya Kilimanjaro wakati wa mvua ni kuchoma mafuta bure. Unauliza tuahirishe mpaka Julai au twende.

Twende, mama.

Ukweli ni kwamba barafu ile haimalizwi na joto peke yake. Joto limechangia, lakini mlima wenyewe una kiu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya upande huu wa Afrika ilikauka, theluji inayoanguka Kibo, kilele kikuu cha mlima, ikapungua. Kule kileleni, mita 5,895, baridi ni kali kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu haichuruziki kama unavyodhani. Jua linazipiga kuta za barafu ile, nayo inageuka mvuke bila kupitia kwenye maji. Kinga yake kubwa ni theluji mpya, maana weupe wake unarudisha mwanga wa jua. Na theluji hiyo huanguka siku zile zile ambazo watu wa Moshi mjini wanatembea na miavuli. Mvua anayoiogopa baba watoto ndiyo inayoulisha mlima. Nataka wajukuu zangu waukute ukila.

Tena muda hautusubiri. Kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu. Mwaka 2022 UNESCO walitoa ripoti kwamba barafu za Afrika zilizomo kwenye maeneo ya urithi wa dunia, Kilimanjaro ikiwemo, huenda zikawa zimekwisha ifikapo 2050. Hesabu umri wa mwanao mdogo yule wa darasa la pili. Hatakuwa hata amefika umri wa kulea wajukuu. Barafu anayoijua yeye ni ile ya kwenye makreti ya sangara pale soko la samaki la Mwaloni, na mimi siwezi kukubali aishie hapo wakati mlima uko nchini mwetu na lami inafika.

Ila tusiende kwa pupa. Mlima hujifunika mchana, hata kiangazi. Nilipokuwa nashusha samaki Arusha na Moshi, madereva tulijua kuwa ukipita Boma Ng'ombe alfajiri unauona wote, ukipita saa nne unaona mawingu tu. Kwa hiyo tulale Marangu angalau siku tatu, na kila siku watoto waamshwe saa kumi na moja na nusu. Asubuhi moja kati ya hizo inaweza kufunguka. Sitawaahidi, na wewe usiwaahidi. Wakinung'unika, wasimulie habari za Rebmann, yule mmisionari aliyeiona theluji ile mwaka 1848, akaandika, na wataalamu wa Ulaya wakambishia kwamba karibu na ikweta haiwezekani. Wachaga walikuwa wanaitazama kila siku.

Kukifunguka, huenda kilele kizima kikawa cheupe, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ule weupe laini uliotandaa ni theluji ya juzi, itatoweka baada ya siku chache. Barafu ya kale ni ile iliyoning'inia kwenye miteremko ya kusini, ina kingo kali na rangi inayoelekea kijivu. Njoo na darubini ya baba watoto.

Mawingu yakigoma, tutapanda msituni taratibu kutoka geti la Marangu kuelekea kambi ya Mandara, kisha tuteremke. Huko watoto wataona jambo ambalo hata watu wazima hawalijui: mito ya Kilimanjaro inategemea zaidi mvua inayodakwa na msitu kuliko barafu. Kisha tukatazame mfongo. Ni mtaro mwembamba unaopita kando ya migomba, maji yake hayazidi kifundo cha mguu. Mwenye zamu anabandua udongo na vipande vya mgomba alivyozibia, maji yanaingia shambani kwake, na zamu ikiisha anaziba tena kwa mikono. Mimi naweza kukaa hapo hata saa nzima.

Kuhusu njia, tusikate kupitia geti la Ndabaka na hifadhi ya Serengeti. Ile ni mbuga ya udongo mweusi, ikilowa gari dogo halitoki. Tupite Shinyanga, Nzega, Singida, tulale huko, halafu Babati. Wakati wa kurudi, mlima Sekenke tushuke kwa gia, si kwa breki. Katesh tusipite usiku wala mvua ikiwa kubwa. Unakumbuka Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilivyowafunika watu pale. Tutasubiri Singida hata siku nzima ikibidi.

Baba watoto akague tairi na wipa kabla hamjatoka Bukoba kuja kwetu Mwanza. Bebeni vitambulisho vya uraia kwa ajili ya kiingilio, na masweta, si makoti ya fasheni.

Nijulishe kama mama mkwe wako anakuja. Akija atakaa kiti cha mbele, mimi nitakaa nyuma na watoto.

Baba yako