Feloshipu ya uandishi: ina faida au ni cheti tu?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mimi ni dada wa miaka 27, nafanya maabara kwenye hospitali moja hapa Dodoma, huu mwaka wa tatu. Naandikaga sana, hadithi na makala za afya, ila zote zinaozea kwenye simu. Rafiki kanitumia tangazo la feloshipu ya uandishi kwa vijana walioko makazini, miezi sita, mnakutana mtandaoni Jumamosi, mnapewa mhariri wa kuwasimamia na posho kidogo. Mama anasema napoteza muda bora niongeze digrii. Kweli zina faida au ni kuongeza mstari kwenye sivii? (Dada wa Darubini)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mama usimbishie, digrii nayo ni kitu. Ila umnong'oneze kwamba Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha, kaanza 1926, kakaa humo miaka na miaka anapiga mihuri ya serikali huku anatunga, kwahiyo kazi na kalamu havijaanza kugombana leo.

Sasa faida. Posho itaisha kabla mwezi haujaisha, cheti utakitia kwenye faili ukisahau. Cha kukifuata pale ni vitu viwili tu, tarehe ya kukabidhi na mhariri wa kukukatia maneno. Nikupe yangu. Nilikuwa benki, kijana kama wewe, nikapata nafasi kwenye programu ya namna hiyo, nikapeleka makala ya maneno 2,200 kuhusu mikopo ya kinamama wa sokoni, nimejivuna kweli, ikarudi na maneno 900. Ile aya ya kwanza niliyoipenda kuliko zote, inayoanza na "Tangu enzi na enzi", imepigwa mstari yote, halafu pembeni ya aya ya nne mhariri kaandika "anza hapa". Nilinuna siku mbili bana. Ya tatu nikaisoma kwa sauti, nikakuta mzee yuko sahihi, aya tatu nzima nilikuwa nakohoa tu kabla ya kuongea. Hakuna rafiki atakayekufanyia hivo, marafiki wanasema "umetisha" basi.

Na tarehe usiidharau. Chukua ufadhili wa Miles Morland kwa waandishi wa Afrika, ulianza 2013, kwa miaka kadhaa ulikuwa unatoa paundi 18,000 kwa mwaka, watu walikuwa wanaiangalia hiyo hela tu. Lakini sharti lake ndo lilikuwa utamu wenyewe: kila mwezi ulitakiwa utume maneno 10,000 mapya. Gawanya kwa 30 unapata kama 333 kwa siku, yani ukurasa mmoja na kidogo, kitu unachoweza kukifanya hata ukitoka shifti ya usiku, ila peke yako hukifanyi kwasababu hakuna anayekudai.

Halafu wewe una mtaji ambao waandishi wengi hatuna. Kila homa mtaani inaitwa malaria na taifodi. Wewe unayeshika kipimo cha Widal, kile cha taifodi, kila siku unajua kwanini majibu yake yanaweza kudanganya, kwamba mtu anaweza kuonekana anayo kumbe ni kinga za ugonjwa wa zamani au maambukizi mengine kabisa, anaondoka na mfuko wa antibayotiki. Sisi wa magazeti hatulijui hilo mpaka tukuulize. Taasisi ya Aspen ya Marekani ilianzisha feloshipu mwaka 2013 kwa wazo hilohilo, kuwachukua wataalamu wa nchi zetu na kuwafundisha kuandika maoni magazetini, maana ujuzi wanao ila wanauandika kama ripoti. Ukijifunza kulisema la Widal kwa maneno 800 dereva wa bodaboda akaelewa, hapo miezi sita yako imelipa.

Kabla hujajaza fomu angalia mambo mawili matatu. Soma mkataba unasemaje kuhusu hakimiliki, wengine wanalichukua andiko moja kwa moja nawe umetia saini bila kusoma. Mgonjwa asitambulike, hata ukibadilisha jina, watu wanajuana. Na kama umeajiriwa serikalini taarifa za ofisini haziendi gazetini bila kibali. Bahati yako hii ni ya Jumamosi, maana zile za kwenda kukaa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani iliyoanza 1967, zinakula zaidi ya miezi miwili, na likizo yetu kisheria ni siku 28.

Omba.

SWALI: Salaam kaka. Mie ni mwalimu wa msingi huku Kilifi, natunga kwa Kiswahili tu, Kiingereza nakijua lakini utamu haumo. Kila feloshipu nikifungua yataka Kiingereza. Nitafsiri ama niwache?

JIBU: Mwalimu, hapo umegusa kidonda. Hiyo ya Morland nimeisifia hapo juu nayo ilikuwa inataka Kiingereza. Iowa inapokea waandishi wa lugha nyingi, jaribu hiyo. Kwa Kiswahili tulichonacho zaidi ni tuzo, ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell, na huku Tanzania Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Nzuri sana, ila tuzo inakukuta umeshamaliza, haikushiki mkono ukiwa umekwama sura ya tatu. Mimi ningetafuta walimu wenzangu watatu, kila mwisho wa mwezi kila mtu analeta kurasa kumi zilizochapwa, asiyeleta analipia chai na mahamri ya wote. Na mmoja awe mkali, kama hamna mkali mwiteni mwalimu mkuu mstaafu.

SWALI: Nimechaguliwa feloshipu ya uandishi nje, wanataka 85,000 ya kuchakata fomu, nitume kwenye namba ya simu leo kabla ya saa kumi. Sikumbuki kuomba lakini.

JIBU: Kaka hukuomba halafu umechaguliwa? Feloshipu ndo inakulipa wewe. Ukitaka kulipia nenda kozi, zipo, zina mwalimu mwenye jina na ratiba. Hiyo 85,000 nunua bando uandike.