Mfinyanzi wa Kiingereza aliyehamia Ohio: yupi kati ya wengi wenye jina moja?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa hapa Ohio, na watoto wetu wameanza kuulizia asili ya upande wa baba yao. Babu wa babu yake mume wangu aliitwa William, na jina lake la ukoo ni la kawaida mno huko Uingereza. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1860 nimemkuta mjini East Liverpool, Ohio: mfinyanzi, umri miaka 34, mzaliwa wa Uingereza, na mkewe vilevile. Binti yao wa kwanza ana miaka 9 na alizaliwa Uingereza. Wa pili ni wa kiume, ana miaka 6, na alizaliwa New Jersey. Wakwe zangu husema mzee alitoka Liverpool. Nimetafuta ubatizo wake nikapata akina William chungu nzima wa rika hilo. Nimchague kwa kigezo gani?

JIBU: Dada, usimchague yeyote kwa sasa. Umri wa miaka 34 ulitajwa na aliyefungua mlango siku karani wa sensa alipopita, na aliyefungua mlango huenda hata hakuwa William. Ukitafuta kwa jina na umri peke yake utapata mtu, ila hutakuwa na njia ya kujua kama ndiye. Katika ukurasa huo wa sensa kuna mambo mawili yenye thamani zaidi, nayo ni kazi yake na umri wa watoto wake.

Nianze na kazi. East Liverpool ulikuwa mji wa vyombo vya udongo tangu Mwingereza James Bennett alipoanzisha kiwanda chake huko mwaka 1839, na wafinyanzi waliomfuata kutoka ng’ambo wengi walitoka kaskazini mwa kaunti ya Staffordshire, katika miji sita iliyoshikamana ambayo leo ndiyo Stoke-on-Trent: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Ndiyo maana siipi uzito mkubwa ile habari ya Liverpool. Wahamiaji wengi wa Kiingereza wa enzi hizo walipandia meli bandarini Liverpool, na juu ya hayo mji aliohamia mzee una jina hilohilo, basi si ajabu wajukuu kuchanganya. Usiitupe, lakini anza kutafuta Staffordshire.

Sasa tuje kwa watoto. Sensa ya 1860 ilitakiwa kuhesabu watu kwa hali ya tarehe 1 Juni, kwa hiyo binti wa miaka 9 alizaliwa kati ya Juni 1850 na mwisho wa Mei 1851, na mdogo wake wa New Jersey kati ya Juni 1853 na mwisho wa Mei 1854. Familia ilivuka bahari katikati ya vipindi hivyo. Umri wa kwenye sensa huteleza, kwa hiyo ongeza mwaka mmoja kila upande, lakini hata hivyo dirisha ni jembamba. Tena usajili wa vizazi wa serikali ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. William alizaliwa kabla ya hapo, binti yake baada ya hapo. Kwa sababu hiyo anayetafutwa kwanza ni binti, naye ndiye atakayekufikisha kwa baba yake.

Faharasa ya vizazi ya ofisi kuu ya usajili ya Uingereza, ambayo inapatikana kwenye intaneti, huonyesha pia jina la ukoo wa kwao mama. Ukilijua jina hilo, lile kundi kubwa la majina yanayofanana huweza kupungua hadi mtoto mmoja au wawili. Mahali pa kulipata ni hapo hapo mlipo. Jimbo la Ohio lilianza kutoa vyeti vya vifo vya jimbo zima tarehe 20 Desemba 1908, na ndani yake mna nafasi ya majina ya wazazi wote wawili, pamoja na jina la kwao mama, na mahali walikozaliwa. Ikiwa yule mtoto wa New Jersey, au ndugu yake yeyote, alifariki Ohio baada ya tarehe hiyo, tazama cheti chake katika tovuti ya FamilySearch, ambayo haitozi ada. Angalia pia ni nani aliyetoa maelezo, kwa sababu mkwe au mjukuu huijua vizuri tarehe ya kifo aliyoishuhudia, lakini habari za mama wa marehemu alizisikia tu. New Jersey nayo ilikuwa na usajili wa vizazi tangu Mei 1848, na kumbukumbu zake zimo katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo mjini Trenton. Wengi hawakuandikishwa, ila kuuliza si kosa.

Ukipata kizazi cha binti kinacholingana, agiza nakala ya cheti chenyewe. Usiridhike na mstari wa faharasa. Cheti kitakupa tarehe na mahali alipozaliwa, jina na kazi ya baba, jina la mama, na anwani ya aliyekwenda kuandikisha. Hapo kazi ya William itakusaidia kwa mara ya pili. Karani wa Marekani aliandika “mfinyanzi” na kuishia hapo, lakini wa Burslem au Hanley alikulia miongoni mwa watu hao, na mara nyingi alitofautisha anayefinyanga kwenye gurudumu, anayechonga chombo kilichoanza kukauka, anayebana udongo kwenye kalibu, na anayepanga vyombo tanurini. Fundi hakurukaruka kirahisi kutoka kazi moja ya hizo kwenda nyingine. Ukimkuta William yuleyule wa kalibu katika nyaraka mbili za Staffordshire, hiyo ni dalili nzuri, ingawa peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Kutoka kwenye cheti nenda moja kwa moja kwenye sensa ya Uingereza ya usiku wa tarehe 30 Machi 1851. Kama binti alikuwa ameshazaliwa, utamkuta ameandikiwa umri wa miezi, na baba yake ameandikiwa parokia aliyozaliwa. Jina la parokia ndilo usiloweza kulipata katika sensa za Marekani, ambazo zote husema “Uingereza” tu. Sensa ya 1841 ni dhaifu kwa kazi hii: iliuliza tu kama mtu alizaliwa katika kaunti ile au la, na umri wa wakubwa ulishushwa hadi tano au kumi iliyo karibu. Cheti cha ndoa, kikiwa cha baada ya Juni 1837, kitataja baba wa pande zote mbili na kazi zao. Ubatizo wa karibu mwaka 1826 nao una faida, kwa kuwa tangu 1813 rejista za Kanisa la Anglikana zilikuwa na fomu iliyochapwa yenye safu ya kazi ya baba na mahali alipoishi. Usipomwona huko, usikate tamaa. Wamethodisti walikuwa na nguvu kubwa katika miji ile sita, na rejista zao nyingi za kabla ya 1837 ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, huko Kew, London.

Watu wengi huanza na orodha za abiria. Mimi huziweka mwisho. Za Marekani zilianza 1820, zikitaja jina, umri, jinsia, kazi na nchi. Kijiji ni nadra. Za kutoka bandari za Uingereza zimebaki za kuanzia 1890 tu. Na shemeji asikuambie mzee alipitia Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, kwani kilifunguliwa 1892. Uraia wa kabla ya 1906 ulitolewa katika mahakama za kawaida, kwenu ni za kaunti ya Columbiana, mjini Lisbon, na majalada yake kwa kawaida hayasemi zaidi ya kwamba mtu amemkana Malkia Victoria.

Wakibaki akina William wawili au watatu baada ya yote hayo, geuza kazi: badala ya kumthibitisha mmoja, waondoe wengine. Sensa ya Uingereza ya tarehe 7 Aprili 1861 ilifanyika miezi kumi tu baada ya ile uliyomwona Ohio. William yeyote anayeonekana humo akiwa na mke na watoto walewale wa 1851 si wako, na aliyezikwa Burslem mwaka 1855 pia si wako. Jihadhari kidogo na wafinyanzi waliorudi kwao biashara ilipolegea, kwani walikuwepo. Kwa hiyo mfuatilie wako katika sensa ya Marekani ya 1870 pia kabla ya kumfuta mtu. Andika kila unayemwondoa na sababu yake, pamoja na nyaraka ulizozitafuta usizione.