Mkiingia kamati ya kombe la marehemu, someni hii kwanza

Wapya mnaojiunga na kamati ya haya mashindano yetu ya mpira wa watoto msimu huu karibuni sana. Mi huu mwaka wa saba, nilianza kama mzazi wa kubeba maji na machungwa tu, nikaishia mweka hazina kwa sababu siku ya kikao ilipoulizwa nani anaweza kushika vitabu vya hesabu wengine wote waliangalia chini na mimi nilikuwa nakohoa. Nawaandikia Kiswahili maana mwaka huu naona karibu nusu ya wanaojitolea ni wa kwetu, Wakenya wa Worcester na Lowell huku Massachusetts, Wabongo wachache kama mimi, na wale kina mama wa Kikongo na Kirundi ambao watoto wao ndo wanatufungia magoli, na kuna mambo yakisemwa kwa Kiingereza kwenye kikao tunaitikia tu ndio ndio halafu tunatoka tunaulizana kwenye parking.

Jina la marehemu, yule zimamoto aliyekuwa kocha wa watoto, mnalijua, lipo kwenye bango, hapa siliandiki kwa sababu mama yake hapendi jina la mwanae lizungushwe kwenye masimu ya watu, na mkishaelewa hilo tayari mmeelewa kazi nzima ilivyo. Jina lile ni amana. Sio letu, tumeazimwa.

Shida yetu sisi tunaotoka kule nyumbani ni kwamba tunakuja na akili ya michango ya msiba. Msiba tunaujua, group linafunguliwa usiku, mtu anateuliwa kupokea hela, majina yanapangwa na kiasi pembeni, siku nne mwili umesafirishwa, group linafungwa na watu wanarudi kazini. Hii sio hivyo aisee. Huku marehemu ameshazikwa miaka, hela haziendi kwenye jeneza zinaenda kwenye ada za timu na viatu vya watoto, na kila mwaka mwezi wa tisa mjane na mama mzazi wanakuja kukaa kwenye viti vya mbele kuangalia tumefanya nini na jina la mtu wao. Ukikosea msibani watu watasema alichanganyikiwa na uchungu. Ukikosea hapa mwaka wa saba utasemaje?

Kwa ambao hamjakaa sana Massachusetts, niwaambie kwa nini watu wa huku wakisikia zimamoto wanavua kofia. Tarehe 3 Desemba 1999 pale Worcester liliungua ghala kubwa la zamani la kuhifadhi vyakula kwa baridi, jengo halina madirisha ya maana, ndani giza na moshi, na zimamoto waliambiwa kuna watu wasio na makazi wanalala humo wakaingia kuwatafuta. Wale watu walikuwa wameshatoka. Wawili wakapotea ndani, wengine wanne wakaingia kuwatafuta wenzao, hawakutoka hata mmoja, jumla sita. Leo kiwanja kile kina kituo cha zimamoto, kipo Franklin Street, ukipita simama kidogo. Halafu 2018 mwezi wa kumi na mbili akafa zimamoto mwingine wa Worcester, Christopher Roy, na 2019 mwezi wa kumi na moja Jason Menard, huyu alisaidia wenzake wakatoka yeye akabaki. Na mnajua ni nyumba gani hizo? Ni zile nyumba za mbao za familia kadhaa, moja juu ya nyingine, ambazo wengi wetu tukifika tu ndo tunapanga. Kwa hiyo tusione kama ni mambo ya wazungu, ngazi wanazopanda wale watu ni ngazi zetu.

Sasa makosa, na nianze na letu kubwa. Mwaka wangu wa pili tulipata mdhamini wa jezi, tukafurahi, kijana mmoja mtaalamu wa kompyuta akasema tuweke picha ya marehemu mgongoni, kubwa, na kofia yake ya kazi, ikapendeza kwelikweli kwenye skrini. Hatukumuuliza mtu. Siku ya mechi mvua ilikuwa imenyesha usiku, uwanja tope, na mnawajua watoto wa miaka minane, wanajirusha chini hata kama hawajaguswa, kipindi cha kwanza hakijaisha kuna sura ishirini za yule baba zimejaa matope, moja imekanyagwa na njumu, mtoto mmoja kafuta pua nayo. Mjane alikuwa kiti cha tatu kutoka mwisho. Hakusema kitu, alikunja blanketi lake taratibu, akachukua flaski ya chai, akaenda kukaa ndani ya gari. Mimi ndo nilimfuata na mpaka leo sijui nilimwambia nini.

Toka siku ile jezi inabeba namba ya gari la zimamoto alilokuwa anapanda marehemu, ndogo, kwenye mkono wa kushoto, basi. Na hiyo namba alichagua yeye mjane. Kila kitu chenye jina au picha, bango, kombe, fulana, hata keki, kinaenda kwanza kwa familia, na tunapeleka mapema wakiwa bado na nafasi ya kukataa, maana ukimpelekea mtu kitu kimeshachapishwa hapo humuombi ruhusa, unamtaarifu. Mwaka jana mama mzazi alikataa neno shujaa kwenye bango, akasema mwanangu alikuwa anafundisha watoto mpira Jumanne na Alhamisi, andikeni kocha. Tukaandika kocha. Mdhamini mmoja hakupenda, shauri yake.

Hapo pia ndo utajua kwa nini ni mpira na sio kitu kingine. Wengi mnamjua Stephen Siller, zimamoto wa New York, yule tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa ameshatoka zamu anaenda kucheza gofu na kaka zake, akageuza, akakuta handaki limefungwa kwa magari akavaa vifaa vyake mgongoni akakimbia kwa miguu mpaka kwenye yale majengo pacha yaliyoshambuliwa, akafia huko. Familia yake ilipotaka kumkumbuka ikaanzisha mbio za kupita handaki lile lile, toka 2002 mpaka leo. Haikuwa chakula cha jioni cha kuvaa tai. Kwa hiyo mtu akija kwenye kikao na wazo la shoo ya mavazi au sijui mnada wa magari, muulizeni kwa upole hiyo inamhusu vipi kocha wetu.

Hela. Hapa nitakuwa mkali kidogo mnisamehe. Hakuna mchango unaopita kwenye simu ya mtu binafsi, hata mimi, hata kwa dakika tano, hata kama mtoaji ana haraka. Taasisi yetu ina namba yake ya kodi, hiyo inatolewa bure na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ina akaunti benki yenye saini mbili, hela zinaingia humo na zinatoka humo. Tuliomba msamaha wa kodi kwa ile fomu fupi ya 1023-EZ, ada dola 275, ni ya taasisi ndogo zisizotarajia kuzidi dola 50,000 kwa mwaka, na kila mwaka kabla ya Mei 15 najaza kile kikadi cha 990-N kwenye mtandao, ni maswali machache, chai haijapoa umemaliza. Ila ukikisahau miaka mitatu mfululizo msamaha unafutwa wenyewe, hawakubembelezi. Na jimbo nalo lina usajili wake wa taasisi za hisani kwa mwanasheria mkuu, usidhani ukimalizana na Washington umemaliza. Mtu akitoa dola 250 au zaidi lazima apate barua yenye kiasi na maelezo kama alipewa chochote kama shukrani au hakupewa, kwa hiyo andikeni majina vizuri jamani, mwaka juzi nimekuta kwenye karatasi "baba Joshua, 300", baba Joshua huku tupo wangapi?

Bahati nasibu ya kapu la zawadi kila mwaka kuna mtu mpya anakuja nayo kama kagundua yeye. Huku inataka kibali cha karani wa mji, taasisi iwe hai si chini ya miaka miwili, na asilimia 5 ya mauzo inaenda jimboni. Sisi mwaka wa kwanza tulikuwa tumeshachapa tiketi. Zile tiketi bado ziko gereji kwangu, wanangu wanachorea.

Upande wa uwanja ntapita haraka maana makocha watawaeleza. Kila mtu mzima anayekaribia watoto anapitishwa kwenye ukaguzi wa rekodi za uhalifu, usijisikie umetukanwa, hata padri alipitishwa. Miaka saba na minane wanacheza wanne kwa wanne bila golikipa, wa tisa na kumi saba kwa saba, na kupiga kichwa marufuku mpaka wafike miaka 11, wazee wetu wakiona refa anapuliza filimbi mtoto kapiga kichwa kizuri wanapandwa na hasira, waelewesheni. Mkisikia radi wote nje ya uwanja, na mnahesabu dakika 30 toka radi ya mwisho, ikipiga tena mnaanza upya, hakuna cha "fainali imebaki dakika mbili". Marefa wengi ni watoto wa sekondari wenye miaka 14, 15, anayewafokea tunamtoa, na tumeshamtoa mjumbe wa kamati.

Magoli. Yale magoli ya kuhamisha yanaangukaga, upepo ukivuma au mtoto akining'inia kwenye mwamba wa juu. Kila goli lifungiwe mifuko ya mchanga nyuma kabla mtoto yeyote hajaingia uwanjani.

Gari la zimamoto likija linakuja na watu walioko zamu, maana yake simu ikiita wanaondoka, hata kama wameshika medali mkononi. Kwa hiyo msipange ratiba iwategemee wao kugawa kombe, na msipaki mbele ya lile gari! Mwaka mmoja mzazi aliacha gari lake pale akaenda kupanga foleni ya sambusa, tukamtafuta kwa kipaza sauti dakika nzima na zaidi huku dereva wa zimamoto anatuangalia tu. Na tunawaomba waingie bila ving'ora. Kuna watoto kwenye timu zetu wamezaliwa kambini au wamefika na vita bado viko masikioni, king'ora kikilia ghafla anakimbilia chini ya meza, nimeona kwa macho yangu.

Kuna kingine cha sauti na hiki hakiko kwenye karatasi yoyote ya mafunzo. Zimamoto wanavaa mtungi wa hewa mgongoni na una kifaa kinachojua kama aliyeuvaa anatikisika. Akikaa bila kusogea kama nusu dakika kinaanza kulia, mwanzo polepole halafu kwa nguvu, ile milio ya kuchoma masikio, ili wenzake wamfuate kwenye moshi. Sasa miaka mitatu iliyopita kijana mmoja wa kituoni aliwafungulia watoto hewa waone barakoa inavyopumua, wakafurahi, wakamaliza, akaulaza mtungi kwenye nyasi akaenda kupiga nao picha. Kikaanza kulia. Sisi wengine tuliona ni kelele tu, mtoto mmoja akacheka. Lakini nikaona wale wazee wastaafu waliokuwa kwenye meza ya kahawa, watu wa utani mwingi, wamenyamaza wote kwa mara moja, mmoja kashika ukingo wa meza, na mjane kasimama wima kabisa anatazama upande ule kama kaitwa. Kijana alikimbia akafunga. Sekunde kumi labda, kumi na tano.

Kwa hiyo mwenye zamu ya kupokea wageni, kazi yako ya kwanza baada ya salamu ni kumwambia kiongozi wa gari hivi, mkuu, tafadhali mitungi ibaki imefungwa, familia ipo. Wanaelewa hapo hapo, hawahitaji maelezo.

Ile kengele tunayopiga asubuhi ni desturi ya zimamoto ya toka zamani, mapigo matano mara tatu, ndo inavyopigwa kwa mwenzao aliyemaliza kazi. Inatosha. Hotuba tumezifuta, diwani akitaka kuongea anapewa sufuria ya pilau agawe.

Viatu vinagawiwa Alhamisi jioni kabla ya mashindano, ndani ya mfuko wa kawaida wa dukani, mzazi anaondoka nao kama katoka kununua mkate. Hakuna picha, hakuna kutangaza familia fulani imesaidiwa, najua nyumbani tunapenda kutaja ili mtoaji aone hela yake imefanya kazi. Mtoaji akitaka kuona ntamtumia risiti ya duka.

Jumamosi tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, giza bado litakuwepo. Mifuko ya mchanga iko gereji kwangu, ni thelathini na mbili na mgongo wangu sio ule wa zamani, mwenye pickup aje nayo, na leteni glavu maana ile mifuko inalowa.