Panda kando ya njia, watu waone

Nataka kueleza vile sukuma-vuta, ile njia ya kupanda mahindi pamoja na mimea inayozuia kayongo na funza, ilivyoingia kijijini kwetu, lakini kwanza niseme tu, mimi si mtaalamu wa kilimo. Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Seme, Kisumu, na shamba letu ni robo eka iliyokuwa imejaa kayongo. Kama hujui kayongo mshukuru Mungu. Ni ile mimea ya maua ya zambarau, kwa macho mizuri sana, kumbe chini ya udongo imeshika mizizi ya mahindi inanyonya, na mahindi yanabaki kimo cha goti yamepauka kama mgonjwa. Ukiingoja hadi itoe mbegu ndio ung'oe umejisumbua bure, maana mmea mmoja unaacha mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala kwa udongo hata miaka 20 zikingoja tu upande mahindi.

Habari ya sukuma-vuta nilisikia kwa semina huko tauni. Chai, mandazi, projekta, saa saba soda. Ni mambo yalifanyiwa utafiti hapa hapa kwetu, Mbita ng'ambo ya ziwa, kwa kituo cha icipe, wale watafiti wa wadudu, tangu miaka ya 1990, wakishirikiana na Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza. Unapanda desmodiamu, mmea wa kutambaa wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, halafu nepia, zile nyasi ndefu za kulisha ng'ombe, unazungusha pembeni. Harufu ya desmodiamu inafukuza wale nondo wanaoleta funza wa kutoboa shina, nepia inawavuta watage huko, na vifunza vingi vikitoboa nepia vinanaswa na utomvu vinafia hapo. Lakini kwangu mimi utamu ulikuwa kwa mizizi: desmodiamu inatoa kitu kwa udongo kinachofanya mbegu ya kayongo iamke halafu ikose pa kushika, inakufa njaa. Inajiua yenyewe!

Nikarudi na kitabu kimejaa notisi nikaeleza chama yetu ya akina mama. Wakacheka. Mmoja akauliza kama hiyo sukuma-vuta ni mbegu mpya ya sukuma wiki na inauzwa ngapi. Nikaona aibu, nikaenda nikapanda nyuma ya nyumba ambapo hakuna mtu angeniona nikishindwa, na hapo ndipo nilikosea, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kibarua. Desmodiamu ikiwa changa ni kama magugu tu, na mimi nilienda kazini sikumwonyesha. Jioni nakuta shamba limelimwa safi kama uwanja wa kanisa, desmodiamu yangu imerundikwa kando inakauka, na kijana amesimama na jembe anatabasamu, "Mwalimu, leo nimekusafishia kabisa." Ningesema nini? Nikamlipa. Na ile mbegu si bei ya mchezo, ilikuwa ndogo hadi niliichanganya na mchanga ndio niweze kuimwaga kwa mstari.

Sababu ya pili ni kwamba hata kama ingefaulu, nani angeona?

Msimu uliofuata nikahamia kile kipande kilicho kando ya njia ya kwenda posho mill. Nikagawa mara mbili: nusu sukuma-vuta, nusu vile tumezoea, mbegu ya mahindi moja, siku moja, mbolea sawa. Kamba tu katikati. Sikuweka kibao wala sikuita mkutano. Ukitaka watu wajifunze kitu wape mahali pa kulinganisha na uwaache wabishane wenyewe, maana mtu akibeba gunia la mahindi kichwani anapita hapo mara mbili kwa wiki, na hakuna mtu anapita shamba la mwingine bila kuhukumu. Msimu wa kwanza tofauti ilikuwa kidogo. Wa pili, ile nusu ya mazoea ilikuwa zambarau tupu na huku kwa sukuma-vuta nahesabu kayongo kwa vidole. Watu wakaanza kusimama.

Nepia nayo nusura iniletee kesi. Nilipanda mistari mitatu karibu sana na mpaka, jirani akasema nasogeza boda kijanja, mpaka mzee wa kijiji akaitwa. Nikang'oa mstari mmoja nikarudi ndani. Kwa hivyo kabla ya kupanda muite jirani mwonyeshane mpaka kwanza.

Lakini mwalimu wa kweli hapa si mimi, ni mama mkwe. Siku ya kwanza aliangalia akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), sasa haya ndiyo magugu umelima?" Baadaye akaanza kukata desmodiamu na nepia anapelekea ng'ombe wake, maziwa yakaongezeka, basi ikawa yeye ndiye anahubiri kisimani, kwa Dholuo, kwa mifano yake, na habari ya mizizi hata haigusi. Anaongea maziwa tu. Mimi nilikuwa nimewaeleza kayongo mwaka mzima na kumbe mtu aliye na ng'ombe anataka kusikia ya ng'ombe. Tafuta yule aliyekupinga sana, akikubali watu watamsikia kuliko wewe uliyetoka semina.

Na usiwafiche ubaya wake. Ile nafasi ya maharagwe katikati ya mistari inachukuliwa na desmodiamu, na hiyo inauma (siku hizi wengine wanatia maharagwe shimo moja na mahindi). Msimu wa kwanza kupalilia ni kwa mkono, polepole. Nepia huku magharibi ina ugonjwa wa kudumaa, ukiona shina limekuwa kibeti na la manjano ling'oe lote. Na kama huna mifugo wala mtu wa kununua majani utachoka mapema. Wawili kwa chama walijaribu wakaacha na hatukuwasema.

Mbegu hatununui tena. Kwa chama tunazungusha desmodiamu kama merry-go-round, vile tunachangiana pesa kwa zamu: ukipewa mashina msimu huu, mvua nyingine unampa mwanachama mwingine, na asiyetoa hapati zamu yake ya pesa za chama. Mashina yanashika vizuri mvua ikishaanza, ukate asubuhi upande siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kama uko karibu na unataka, uje na gunia lililoloweshwa maji, na tafadhali usije jua la saa nane.