Miti ya kiasili kando ya mto: jibu kwa dada aliyeuliza

Dada, umeuliza mtaa wenu upande nini kwenye kile kipande cha kando ya mto, na mbona watu wanakataa mikaratusi ilhali inakua upesi. Niko kwenye kikundi cha kupanda miti huku upande wa msitu wa Karura, Nairobi, nitakujibu kwa niliyoyaona.

Mkaratusi unakunywa maji sana, na chini yake hakuoti kitu cha maana. Mingi ya hapa Nairobi ilipandwa enzi za mkoloni ili kuni zake ziendeshe gari moshi. Ndege na mito havikuwa hesabuni. Huko Karura mikaratusi inakatwa kidogo kidogo na miti ya kiasili inarudishwa.

Anzeni na miti ya mukinduri na muringa, haiogopi jua. Karibu kabisa na maji wekeni mkuyu: ndege wakija kula matunda watawaletea mbegu nyingine bure. Muhugu, ambao ndio mti hasa wa misitu ya Nairobi na ambao wachongaji vinyago waliukata mno, usiwe wa kwanza. Unakua polepole mno, na mbegu zake nyingi ni ganda tupu, ndiyo maana vitalu vingi havina. Uingizeni pamoja na muthiga baadaye, hiyo mingine ikishatoa kivuli. Mbegu ulizieni KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga.

Kabla ya kulipa, toa mche mmoja kwenye mfuko utazame mizizi. Ikiwa imejizungusha chini kama kamba ya ndoo, mwachie mwenye kitalu, hata akipunguza bei. Mfuko uondoeni wote wakati wa kupanda (nimefukua miche iliyokufa ikiwa bado imevaa plastiki). Na msikimbilie mvua ya kwanza ya Machi. Chimbeni, mkikuta udongo umelowa mpaka chini ya shimo, pandeni.

Watu hamtakosa. Tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilipotoa mapumziko nchi nzima ipande miti, kwetu majembe hayakutosha. Ngoja Agosti sasa, magugu ya lantana yamefika kiunoni, ng'ombe wanatafuta majani, na kwenye kundi la WhatsApp kila mtu ana harusi. Kwa hiyo nunueni miche nusu ya mnayofikiria, na pesa inayobaki mlipeni kijana wa hapo hapo mtaani apalilie na kufukuza mifugo kwa miaka miwili au mitatu. Mwenyekiti atalalamika kwamba picha ya kupalilia haipendezi. Mwacheni alalamike.